Deki Nzito, Dogo wa Norway na Vita Iliyoizika Sauti Kali Kuliko CD

Mwezi Mei 1999 liliingia sokoni Japan deki moja ambayo ukiambiwa uipandishe ghorofa ya tatu peke yako utatafuta sababu ya kukataa. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 25, sawa na mfuko wa unga na kidogo juu. Bei yake ilikuwa yen 500,000, na ilipovuka kwenda Marekani ikauzwa dola 5,000. Haikuwa inacheza filamu. Haikuwa na gemu. Kazi yake moja tu: kupiga muziki, tena kwa spika mbili, kushoto na kulia, basi.

Jina lake Sony SCD-1. Ndiyo iliyofungua ukurasa wa diski mpya iliyoitwa Super Audio CD, au SACD kwa kifupi. Ahadi yenyewe ilikuwa nzito kama deki yenyewe: sauti ambayo CD ya kawaida haijawahi kuigusa. Ukifumba macho, msanii yuko sebuleni.

Miaka kumi haikufika, vita ilikuwa imekwisha. Na cha kuchekesha ni kwamba mshindi hakuwa hata uwanjani. Ngoja stori ianze mwanzo, maana ndani yake kuna somo kwa yeyote anayetaka kununua deki ya muziki leo, na hata kwa yule anayesema "mimi nasikiliza kwa simu tu, inanihusu nini?"

CD NAYO ILIKUWA MFALME

Oktoba 1982, Sony walianza kuuza deki ya kwanza ya CD kule Japan. CD yenyewe walikuwa wameitengeneza kwa kushirikiana na Philips wa Uholanzi. Kabla ya hapo watu walikuwa na santuri na kaseti. Santuri inakwaruza, kaseti inamezwa na redio mpaka uizungushe kwa kalamu. CD ikaja safi, haina kelele, unaruka wimbo kwa kubonyeza rimoti.

Kwa lugha nyepesi, CD inafanya hivi: inaipiga sauti "picha" mara 44,100 kila sekunde, kisha kila picha inaandikwa kwa namba yenye biti 16. Namba 44,100 haikuokotwa. Sikio la binadamu mwenye afya linasikia mpaka mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na kanuni inasema ili uinase sauti vizuri unahitaji picha zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo kwenye makaratasi CD inatosha. Hili liweke akilini, litarudi mbele.

Sasa, nyuma ya CD kulikuwa na pesa ambayo mtaani haikuonekana. Viwanda vilivyotengeneza deki za CD na diski zenyewe vilikuwa vinalipa ada ya hataza kwa wenye teknolojia, Sony na Philips wakiwa mbele. Lakini hataza ina umri. Ikifika kama miaka 20 hivi inakufa, na kila mtu anatengeneza bure. Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, mabosi waliangalia kalenda wakaona mfereji unakaribia kukauka. Walihitaji kitu kipya.

Makampuni ya muziki nayo yalikuwa na presha yao. CD haikuwa na kufuli. Ilipobuniwa, hakuna aliyewaza kwamba siku moja kompyuta ya nyumbani itaweza kuinakili nzima na kuchoma nyingine inayofanana kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya tisini hilo lilikuwa linafanyika kila bweni la chuo Marekani. Juni 1999 kijana wa miaka 18 aliyekuwa chuoni Boston akatoa programu inayoitwa Napster, watu wakaanza kugawana nyimbo bure mtandaoni kama karanga.

Kwa hiyo diski mpya ilitakiwa ifanye kazi mbili kwa mpigo. Moja, itoe sauti kali. Mbili, ifungwe kwa kufuli. Kwenye matangazo iliimbwa ile ya kwanza tu.

KAMBI MBILI, DISKI MBILI

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Badala ya kukubaliana diski moja, wakubwa wakagawanyika.

Kambi ya kwanza ilikuwa Sony na Philips wenyewe na SACD yao. Hawa waliitupa kabisa njia ya CD. Badala ya picha 44,100 zenye biti 16, wao wanachukua biti moja tu, lakini mara 2,822,400 kwa sekunde, yaani mara 64 ya CD. Njia hiyo inaitwa DSD. Wazo lake lilitokana na kutafuta namna ya kuhifadhi mikanda ya zamani ya studio kabla haijaoza.

Kambi ya pili ilikuwa muungano wa kampuni zilizo nyuma ya DVD. Wao walisema: DVD tayari iko sokoni, upande mmoja wa tabaka moja unabeba gigabaiti 4.7 wakati CD inabeba kama megabaiti 700, kwa nini tusijaze muziki humo? Wakaja na DVD-Audio. Biti 24, picha mpaka 192,000 kwa sekunde kwa spika mbili, au 96,000 kwa mfumo wa spika sita unaokuzunguka sebuleni.

Warner na EMI wakaegemea DVD-Audio. Sony Music wakabaki na SACD kwa sababu ni ya nyumbani, na baadaye Universal wakaingia huko. Maana yake ni kwamba msanii wako unayempenda anaweza kuwa kambi hii, na yule mwingine kambi ile. Ukinunua deki ya upande mmoja, nusu ya rafu ya duka haikuhusu.

Na ukumbuke ni diski za ukubwa uleule, sentimita 12, zinang'aa vilevile. Mteja wa kawaida anaziangalia zote anaona CD.

DOGO WA NORWAY

DVD-Audio ilitakiwa iingie sokoni mwishoni mwa 1999, ikimbizane na SACD bega kwa bega. Haikuingia.

Oktoba mwaka huo, programu ndogo ilitokea mtandaoni. Ilikuwa inafungua kufuli la filamu za DVD, lile ambalo wakubwa wa Hollywood walilitegemea. Aliyejulikana kuhusika alikuwa dogo wa Norway mwenye miaka 15, akishirikiana na wenzake ambao majina yao hayakujulikana. Dogo mwenyewe alisema alitaka tu kuangalia DVD alizonunua kihalali kwenye kompyuta yake iliyotumia Linux, ambayo haikuwa na programu rasmi ya kuzicheza.

Polisi wakaja nyumbani. Kesi ikaenda mahakamani. Januari 2003 akaachiwa huru, upande wa mashtaka ukakata rufaa, na Desemba 2003 akashinda tena. Hoja ya mahakama ilikuwa nyepesi: mtu hawezi kuwa mwizi wa kitu alichokinunua mwenyewe.

Kwa DVD-Audio lile lilikuwa pigo. Kufuli lao lilikuwa ndugu wa lile lililovunjwa, kwa hiyo uzinduzi ukaahirishwa ili kutengeneza jipya. Deki zao zikaanza kuuzwa katikati ya 2000. SACD wakawa wameshatangulia mwaka mzima, ingawa nao walikuwa na diski chache na deki za bei ya gari la mkononi.

MTEJA ANASIMAMA DUKANI

Fikiria sasa mteja wa mwaka 2001 pale New York au London. Anapenda muziki, ana mshahara mzuri, anasikia kuna sauti mpya. Anaingia dukani na maswali yake.

Swali la kwanza: ninunue SACD au DVD-Audio? Muuzaji anakuna kichwa.

Swali la pili: nichomeke waya gani? Hapa ndipo utamu unapoisha. Kwa kuogopa wizi, makampuni yalikataza deki kutoa sauti hiyo kali kupitia waya wa kawaida wa dijitali. Ilibidi itoke kwa njia ya zamani, waya mmoja kwa kila spika. Ukitaka spika sita, waya sita kutoka kwenye deki mpaka kwenye amplifaya. Ukiwa na deki mbili za kambi mbili, waya kumi na mbili. Amplifaya nyingi zilikuwa na matundu ya seti moja tu.

Swali la tatu: nitaicheza kwenye gari? SACD nyingi za Sony za mwanzo zilikuwa za tabaka moja, ukiziweka kwenye deki ya CD ya kawaida hakuna kitu. DVD-Audio nayo hivyohivyo, redio ya gari inaitema. Tena DVD-Audio nyingi zilikutaka uwashe televisheni ili uone menyu na kuchagua. Mtu anataka kusikiliza jazi gizani, anaambiwa awashe TV kwanza.

Wengi walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Walirudisha pochi mfukoni.

Baadaye marekebisho yalikuja. Pioneer na wengine wakatoa deki zinazosoma kila diski, za kambi zote mbili. SACD wakaongeza nguvu kwenye diski mseto: tabaka la juu la SACD na chini yake tabaka la CD ya kawaida, hivyo inacheza popote. Mwaka 2002 albamu za zamani za Rolling Stones zilitoka hivyo, na 2003 ikafuata The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd kwa kuadhimisha miaka 30. Watu kibao walizinunua wakijua ni CD tu, wakazipiga kwenye deki za CD, na mpaka leo zimelala kabatini zikiwa na tabaka la pili ambalo halijawahi kuguswa na leza.

Kambi ya DVD nayo ikajibu 2004 na diski yenye sura mbili, upande huu CD, upande wa pili DVD. Tatizo, upande wake wa CD haukufuata vipimo halali vya CD, na Philips wakakataa isivae nembo ya CD. Deki nyingine zikawa zinaikataa.

MSHINDI AMBAYE HAKUWA UWANJANI

Wakati wazee wanagombana kuhusu biti 24 na biti moja, Oktoba 2001 Apple walitoa kadude ka kuweka mfukoni: iPod. Gigabaiti 5, dola 399, nyimbo elfu moja. Aprili 2003 wakafungua duka la iTunes, wimbo senti 99.

Sauti ya zile faili ilikuwa chini ya CD, achilia mbali SACD. Lakini unatembea nayo. Unapanda nayo basi. Unakimbia nayo asubuhi. Hakuna waya sita.

Huku kwetu hali ilikuwa ileile kwa sura nyingine. Mtaa ulijaa deki za DVD za Kichina zinazomeza kila kitu na sabufa ya kutikisa madirisha. Diski moja iliyochomwa nyimbo za MP3 ilikuwa inabeba nyimbo mia na zaidi, kuanzia Bongo Fleva mpaka rumba ya Kongo. Nani angetafuta diski moja yenye nyimbo kumi kwa bei ya viatu? Ukweli ni kwamba duniani kote, kuanzia Boston mpaka Buguruni, watu walichagua urahisi.

Na makampuni yenyewe yalizidi kujichimbia. Mwaka 2005 ikagundulika kwamba CD za albamu zaidi ya 50 za Sony BMG zilikuwa na programu iliyojificha. Ukiiweka CD kwenye kompyuta, inajipenyeza ndani kimyakimya ili ikuzuie kunakili, na inafungua mlango ambao virusi vinaweza kupitia. Aliyeigundua ni mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa anakagua mashine yake mwenyewe. Novemba mwaka huo CD hizo zikaitwa zirudishwe.

Tafakari hapo. Aliyepakua bure mtandaoni alipata wimbo bila ile programu. Aliyelipa pesa yake halali dukani ndiye aliyeipeleka nyumbani.

SIKIO LIKAPIMWA

Mwaka 2007 watafiti wawili kutoka Boston walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mpaka leo linawagombanisha wapenda muziki. Walichukua SACD na DVD-Audio, wakazipiga kwenye vyombo vizuri. Kisha katikati ya njia wakaweka kifaa kinachoishusha sauti mpaka kiwango cha CD, biti 16 na picha 44,100. Msikilizaji haambiwi ni lini kifaa kimewashwa. Anatakiwa aseme tu kama anasikia tofauti.

Wakafanya majaribio 554. Majibu sahihi yalikuwa asilimia 49.8. Yaani ungerusha shilingi juu na kukisia ungepata kama hivyo.

Mashabiki wa sauti kali walikuja juu. Wengine wakasema diski zilizotumika hazikufaa, wengine wakasema vyombo. Mwaka 2016 mtafiti mmoja wa chuo kikuu cha London akakusanya tafiti 18 za aina hiyo, zenye majaribio zaidi ya 12,500, akazipima kwa pamoja. Akapata asilimia 52.3. Tofauti ipo, ndogo sana, na inaongezeka kwa watu waliofundishwa kusikiliza.

Lakini wale wawili wa Boston walisema jambo jingine ambalo wabishi wengi huliruka. Walikiri kwamba SACD na DVD-Audio walizosikiliza zilikuwa na sauti nzuri kuliko CD nyingi za kawaida. Sasa kama masikio hayatofautishi namba, uzuri ulitoka wapi?

Ulitoka studio. Miaka ile CD nyingi zilikuwa zinaandaliwa kwa kupandishwa sauti mpaka mwisho, kila kitu kinapiga kelele kwa wakati mmoja ili wimbo usikike mkubwa redioni na kwenye gari. Ngoma haina nafasi ya kupumua. Diski za sauti kali zilikuwa zinatengenezwa kwa wateja wachache wenye vyombo vizuri vya nyumbani, basi fundi alikuwa huru kuacha sehemu tulivu ziwe tulivu na kubwa ziwe kubwa. Mkono wa fundi ndio uliosikika. Hilo linabadilisha kabisa namna ya kuchagua deki, na mbele kidogo utaona kwa nini.

WALIOBAKI NA DEKI

DVD-Audio ilikata pumzi ya haraka, kufika mwisho wa ule muongo wa 2000 diski mpya zilikuwa za kuhesabu. SACD haikufa, ilihamia kwenye vyumba vya wazee wa muziki wa klasiki na jazi. Lebo kama BIS ya Sweden na Pentatone ya Uholanzi ziliendelea kuitumia, na Japan mpaka leo albamu za zamani zinatolewa upya kwa SACD.

Vituko havikuisha. PlayStation 3 za mwanzo, zile za 2006 na 2007, zilikuwa zinasoma SACD. Kijana anacheza gemu hajui kwamba chini ya TV yake kuna deki ya muziki ya kishua. Matoleo ya baadaye yakaondolewa uwezo huo. Baada ya miaka kadhaa wajanja wakagundua namna ya kuzitumia zile za mwanzo kunakili SACD kwenda kwenye kompyuta. Kufuli lililosimama zaidi ya miaka kumi likavunjiwa kwenye mashine ya gemu ya Sony haohao.

Kampuni ya Oppo nayo ilijijengea jina kwa deki zinazosoma kila kitu: CD, SACD, DVD-Audio, Blu-ray. Aprili 2018 wakatangaza wanaacha kutengeneza deki. Bei ya deki zao zilizotumika ikapanda.

Halafu likaja la Julai 2022. Mwenye duka la santuri kule Phoenix, Marekani, akapakia video akisema amepata habari kwamba kampuni ya Mobile Fidelity, inayosifika kwa santuri za bei mbaya zinazotoka moja kwa moja kwenye mkanda wa studio, kumbe inapitisha sauti kwenye dijitali kwanza. Mashabiki wakamvaa. Siku chache baadaye mafundi wa kampuni wakakubali kwamba ni kweli. Na dijitali yenyewe ilikuwa ipi? DSD, familia ileile ya SACD.

Fikiria aibu. Watu walikuwa wameandika kurasa na kurasa wakisema dijitali haina roho, huku santuri wanazozisifia zilipita kwenye dijitali. Kesi ikafunguliwa, ikaisha kwa makubaliano ya kuwarudishia wateja pesa. Waliodanganywa walikuwa na haki ya kukasirika, maana waliuziwa jina ambalo si lenyewe. Ila masikio yao hayakuwa yamelalamika.

SASA UNANUNUAJE LEO

Kwa aliyebaki na hamu ya deki ya sauti kali nyumbani, historia hii inampa majibu ya maana kuliko tangazo lolote.

Anza na diski, deki baadaye. Orodhesha albamu ambazo ungependa kuwa nazo, uangalie zimetoka kwa mfumo gani. Kama unazotaka ni za klasiki, jazi na roki ya zamani, SACD inakufaa. Kama unataka miksi mpya za kuzunguka chumba, nyingi siku hizi zinatoka kwa Blu-ray. Kama wasanii wako wote ni wa hapa nyumbani na hawajawahi kutoa diski ya aina hiyo, hifadhi pesa yako.

Pili, usiamini neno Blu-ray peke yake. Si kila deki ya Blu-ray inasoma SACD. Tafuta nembo ya SACD kwenye deki yenyewe au kwenye kitabu chake. Sony UBP-X700 na UBP-X800M2 zinasoma, na bei yake si ya kutisha kama ile SCD-1. Lakini hizo mbili hazina matundu ya kuchomeka amplifaya ya zamani ya waya nyekundu na nyeupe. SACD yake inatokea HDMI, kwa hiyo lazima uwe na amplifaya ya HDMI. Kama una amplifaya ya spika mbili tu, tafuta deki ya SACD yenye matundu hayo, kama zinazotengenezwa na Marantz na Denon. Hizo bei imesimama.

Tatu, lile kufuli la 1999 bado lipo. Ukichomeka waya wa dijitali wa mwanga, ule mwembamba unaowaka nyekundu, usitegemee sauti ya SACD ipite humo. Wengi wamerudisha deki dukani wakidhani ni mbovu kumbe ni amri ya kiwandani.

Nne, ukinunua iliyotumika kutoka Japan, geuza nyuma usome umeme wake. Japan wanatumia volti 100, Marekani 120, huku kwetu ni 230 mpaka 240. Ukichomeka bila transfoma, muziki wako utaisha kwa moshi. Na uliza leza ina hali gani, ijaribu kwa SACD yenyewe siyo CD, maana leza iliyochoka inaweza kusoma CD vizuri na kushindwa kabisa tabaka la SACD. Spea za deki za zamani ni kuwinda.

Tano, pesa nyingi iende kwenye spika na chumba. Zulia, pazia, na mahali unapoweka spika vitabadilisha sauti kuliko kuhama kutoka CD kwenda SACD. Majaribio yale 554 ndiyo yanasema hivyo. Na kati ya matoleo mawili ya albamu moja, chagua lililoandaliwa na fundi makini, hata kama ni CD ya kawaida ya mwaka 1985 iliyookotwa mnadani.

KILICHOBAKI MEZANI

Mtu anaweza kusema haya yote ni ya kale, maana tangu Juni 2021 Apple Music inatoa sauti ya mpaka biti 24 na 192,000 bila kuongeza ada. Namba zilezile za DVD-Audio, sasa ziko kwenye simu. Ni kweli. Vita ya sauti imekwisha, na kila mtu ameshinda.

Ila kuna swali la dogo wa Norway ambalo halijaisha. Ukilipia muziki, ni wako? Februari 2024, baada ya mkataba wa Universal na TikTok kuvunjika, video kibao zilibaki bubu, hata za watu waliozitengeneza miaka nyuma. Wimbo ukaja kurudi mwezi Mei walipoelewana. Hakuna mtumiaji aliyeulizwa.

Yule aliyenunua SCD-1 kwa dola 5,000 mwaka 1999 alipigwa bei, hilo halina ubishi. Diski zilikuwa chache, mfumo ukaachwa, na masikio yake pengine hayakusikia tofauti aliyolipia. Lakini kama alinunua na diski zake, na leza bado inawaka, leo jioni anaweza kufunga mlango, kubonyeza kitufe na kusikiliza. Hahitaji bando, hahitaji akaunti, na hakuna mkataba wa watu wawili wasiomjua unaoweza kumzimia.

Wewe je, ukiangalia simu yako, ni nyimbo ngapi ambazo mtandao ukikatika zinabaki? Na nani mwenye deki ya zamani nyumbani kwa mzee ambayo bado inapiga? Toa maoni yako hapo chini, na taja diski ambayo hutaiuza hata kwa bei gani.